Matunzo ya Watoto Bei Zinapopanda



Tuseme mama mmoja wa Theta alipewa na mahakama shilingi 10,000 kwa mwezi za matunzo ya watoto, mnamo Oktoba 2021. Baba hajakosa hata mwezi mmoja, na kwa hilo astahili sifa. Lakini miaka mitatu baadaye noti ni zile zile, na kikapu kimepungua.

Wengine huona aibu kudai pesa baada ya ndoa kuvunjika. Katekisimu (na. 2383) yenyewe yakubali kwamba talaka ya serikali yaweza kuvumiliwa ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto yakiwemo. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 53, huwapa baba na mama wajibu sawa, wawe walioana au la.

Sasa hesabu. Kila mwezi Shirika la Kitaifa la Takwimu hutangaza mfumuko wa bei, yaani bei zimepanda kiasi gani tangu mwezi kama huo mwaka uliotangulia. Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2023, 6.9; Oktoba 2024, 2.7. Wengi wakisikia mfumuko umeshuka hudhani bei zimeshuka. La! Bei ziliendelea kupanda, ila polepole zaidi.

Basi twende mwaka kwa mwaka. Shilingi 10,000 pamoja na asilimia 9.6 yake ni 10,960. Asilimia 6.9 ya hizo 10,960, si ya zile za mwanzo, yatufikisha 11,716. Ongeza 2.7: karibu 12,033. Anayejumlisha asilimia zote tatu kwanza atapata 11,920, na kwa mwaka watoto watakuwa wamepunjwa zaidi ya shilingi 1,300.

Karo iwekwe kando. Hiyo hufuata karatasi ya shule, si bei ya unga.

Ikiwa amri ya mahakama haikutaja nyongeza, hesabu hii peke yake haimfungi baba. Wazee wa jumuiya ndogo ndogo waweza kuwakalisha pamoja, lakini mapatano yaandikwe, kiasi na mwezi wa nyongeza vikitajwa, kisha yapelekwe mahakamani. Mkishindwa kuelewana, Sheria ya Watoto ya 2022 yaruhusu kuomba amri ibadilishwe. Hakimu ataangalia mapato ya wote wawili. Baba aliyeachishwa kazi kiwandani Thika hawezi kukamuliwa kwa asilimia tu. Mama naye aende na risiti zake za duka, za nauli na za hospitali.