Je, wazee wetu walimjua Mungu kabla ya Biblia?

Swali: Mchungaji, wazee wetu wa Masisi na Walikale, hapa Kivu Kaskazini, waliishi bila Biblia. Mungu atawahukumuje kwa jambo wasiloambiwa?

Jibu: Ndugu yangu, hawakuachwa gizani. Paulo anaandika katika Warumi 1:20 kwamba uwezo wa milele wa Mungu huonekana katika vitu alivyoviumba, hivyo mwanadamu hana udhuru. Wanyanga wa Walikale walimwita Muumba kwa jina la Ongo. Mvua, msitu na milima vilikuwa vimekwisha kunena nao, na Warumi 2 inaongeza kwamba dhamiri nayo hushuhudia. Kila mtu atahukumiwa kwa nuru aliyopewa.

Hapo ndipo tunapobanwa sisi wa leo. Tazama mgodi wa Bisie, huko Walikale: kasiterite, madini ya bati, aliyoiumba Mungu ardhini tumeipigania kwa bunduki, na waliobatizwa wamo. Tunamjua Muumba, kisha tunamwaga damu ya aliyeumbwa kwa mfano wake. Dhambi ni hiyo hasa.

Uumbaji hutuonyesha Mungu, lakini hauondoi hatia. Msamaha tunaupata kwa Kristo. Wazee wetu mwachie Mungu mwenye haki. Wewe umeisikia Injili: tubu, uiamini.