Somo la Ubunifu: Jinsi ya Kulipa Jiwe Mwanga wa Kichawi katika Mchezo wa Video

Kijana anayejifunza sanaa ya michezo ya video anaweza kulifanya jiwe la kawaida lionekane lina uchawi bila kununua programu. Godot hupatikana bure, na haimtozi mtu ada anapouza mchezo wake.

Siri iko kwenye mwendo:

1. Tengeneza picha ya mawingu meusi na meupe. Hakikisha kingo zake zinaungana, la sivyo mstari utaonekana picha inapojirudia.

2. Itandaze mara mbili juu ya jiwe. Moja isogee juu kwa kasi ya 0.1, nyingine kando kwa kasi ya 0.07.

3. Zidisha picha hizo mbili. Mwanga hubaki pale tu weupe unapokutana na weupe, hivyo jiwe huonekana kama linapumua.

4. Tia rangi, kisha uelekeze matokeo kwenye mwanga unaotoka ndani ya jiwe, si kwenye rangi ya juu. Ukikosea hapo, jiwe litafifia gizani.

Anayetumia Blender akumbuke kwamba mwendo uliotengenezwa kwa nodi zake hauhamii Godot pamoja na umbo. Asiyejua hilo huweza kupoteza kazi ya siku nzima. Umbo lichongwe Blender. Uchawi utiwe Godot.