Hesabu ya Biskuti Pacha

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Leo nataka kuwafunza kuoka biskuti pacha, yaani biskuti mbili zilizoshikanishwa kwa tende. Nitawaeleza pia makosa yangu mawili ili ninyi msiyarudie.

Siku ya mwisho ya Ramadhani mama aliniachia jiko. Jamaa zetu walikuwa wanakuja hapa Elwak kutoka Wargadud, Takaba na Mandera, jumla watu 45. "Kila mtu apate pacha mbili," mama akasema. "Usiniaibishe!"

Vifaa
Unga wa ngano kilo 1, samli gramu 400, sukari gramu 300, iliki iliyotwangwa, chumvi kidogo na maziwa kidogo. Samli yetu ni ya ng'ombe. Maziwa ya ngamia tunayo tele, lakini mafuta yake yamo katika matone madogo mno, hivyo kuyatenga kwa kusukasuka ni kazi kwelikweli. Tena samli haina maji kama siagi, kwa hiyo bila maziwa kidogo donge litapasukapasuka.

Jinsi ya kuoka
Kanda asubuhi mapema kabla ya jua kali, la sivyo samli itayeyuka na donge litalegea. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, kina cha vidole viwili, uipashe moto kwanza. Panga biskuti kwenye sinia ndogo juu ya mchanga, funika, kisha weka makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Baada ya dakika 20 hivi zitakuwa tayari. Ziache zipoe.

Kosa la kwanza
Nilipiga hesabu: 45 mara 2 ni 90. Kilo moja ya unga ilinipa biskuti 90 kamili. Nikafurahi. Jioni nikaanza kuzishikanisha kwa tende zilizopondwa. Weee! Kumbe zilitoka pacha 45 tu! Kila pacha ni biskuti mbili. Mwezi ulikuwa umeshaonekana na duka la karibu limefungwa. Niliona haya kumwambia mama, lakini nikamwambia. Hakunigombeza. Alinituma kwa jirani kukopa unga, tukaoka wawili mpaka usiku wa manane.

Kosa la pili
Zile 90 za usiku hatukuzijaza, tulikuwa tumechoka. Asubuhi, pacha nilizojaza jioni zilikuwa laini kama mkate, kwa sababu biskuti hunywa maji ya tende. Zile za usiku zilikuwa kavu bado, zikivunjika "ka!" Hizo tukazijaza wageni wakiwa wanarudi kutoka kuswali Idi. Basi jaza dakika za mwisho.

Ati zile laini zilitupwa? Hata! Ayeyo, yaani nyanya yangu, hana meno. Alizila tatu, akasema mwaka ujao nimwokee kama hizo hizo. Mama alinitazama, tukacheka.

Zoezi
Wageni ni 70, na kila mmoja apate pacha 3. Utaoka biskuti ngapi, kwa unga kilo ngapi?

Jibu: Biskuti 420, unga karibu kilo 5. Ukisema 210, wewe ni mwenzangu. Kimbia kwa jirani kabla hajalala!