SOMO LA KIKUNDI: MAABARA TULIYOICHANGIA, JE, NI SALAMA KWA WATOTO WETU?



Hapa Murang'a kuchanga ni kazi tunayoijua sana. Tangu siku za Harambee baada ya Uhuru wa 1963, shule nyingi za sekondari kwenye matuta yetu zimesimama kwa mifuko ya wazazi. Mmoja alileta mawe, mwingine akatoa siku ya kazi, mwingine akatoa pesa za kahawa au chai. Wazee wetu walisema kamuingi koyaga ndiri, yaani kikundi kidogo kikishikana hubeba kinu. Na katika majengo yote ya shule, kinu kizito ni maabara. Bila maabara, mtoto wetu anaingia mtihani wa vitendo wa Kemia, Biolojia na Fizikia akiwa hajawahi kushika kitu kwa mkono wake.

Lakini siku ya kufungua ikishapita, wengi wetu huona kazi imekwisha. Yaliyo ndani tunamwachia mwalimu. Somo la leo linasema hivi: wale waliojenga maabara ndio wanafaa kuuliza kama ni salama, na mengi yanayotakiwa si ya bei ghali. Ni maji, mlango, kufuli na mazoea mema.

Someni polepole, mtu mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakiuliza. Mnaweza kuligawa somo kwa mikutano miwili.

1. HATARI NYINGI TUNAZIJUA TAYARI

Msitishwe na majina magumu. Wamama wanaopika sabuni wanajua kostiki soda. Wanajua ikigusa ngozi huteleza kwanza, halafu huunguza. Hiyo hiyo iko maabara. Mwenye gari anajua maji ya betri hutoboa suruali. Hiyo ni asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji, na ile ya maabara huletwa ikiwa kali kuliko ya betri. Mkulima wa kahawa anajua mrututu, ule wa rangi ya buluu, na anajua mtoto haachiwi karibu nao. Spiriti na gesi ya kupikia tunazo majumbani.

Basi tofauti ni nini? Maabarani vitu hivi vyote viko chumba kimoja, pamoja na moto, vyombo vya glasi, na wanafunzi arobaini au zaidi ambao ni wepesi wa kujaribu mambo. Watu husema ajali haina kinga. Kwa maabara, nyingi zina kinga, na tutazitaja.

2. MAJI KWANZA

Kama kikundi chenu kina pesa ya jambo moja tu, liwe maji. Asidi au soda ikiingia machoni, dawa ya kwanza ni maji safi, mengi, papo hapo, kwa muda wa dakika 20. Soda ni mbaya kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu huendelea kupenya ndani ya jicho hata baada ya uchungu wa kwanza kupungua. Hapo dakika moja ya kutafuta maji inaweza kuwa ndiyo dakika ya kupoteza jicho.

Sasa pigeni hesabu. Tuseme maji yanatoka polepole, lita 5 kwa dakika. Kwa dakika 20 ni lita 100, yaani mitungi mitano ya lita 20. Ndoo moja iliyowekwa kwenye kona haitoshi. Na sisi tunajua mifereji yetu: leo maji yako, kesho bomba limepasuka huko juu na maji hakuna wiki nzima.

Kwa hivyo shule ikubali sheria hii na iibandike ukutani: MAJI YAKIKOSA, HAKUNA JARIBIO LA ASIDI WALA SODA. Kikundi nacho kisaidie kuweka tangi la maji ya mvua kando ya maabara, lenye kifuniko, na mfereji unaofika ndani. Maji ya tangi yabadilishwe na kuangaliwa yasiote uchafu.

3. MLANGO NA MADIRISHA

Mwezi wa Machi 2001, wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Majirani zetu wa Nyeri wamelia pia. Septemba 2024, watoto 21 walikufa kwa moto wa bweni katika Hillside Endarasha Academy. Hayo yalikuwa mabweni, si maabara. Lakini moto hauulizi jina la chumba, na chumba chenye gesi na spiriti huwaka haraka.

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Kwa nini kwa nje? Kwa sababu watu wakikimbia kwa woga husukumana, na mlango unaofunguka kwa ndani hubanwa na miili yao wenyewe.

Tunajua jibu la fundi na la kamati: "Tusipoweka vyuma, wezi watachukua darubini." Ni kweli, wizi uko. Lakini kuna njia. Vifaa vya bei viwekwe kwenye stoo ndogo yenye vyuma na kufuli, mahali ambapo mwanafunzi haketi. Chumba cha kufanyia kazi kiwe na milango miwili, kila mmoja upande wake, na madirisha yanayofunguka. Kama mnajenga sasa, mwambieni fundi mapema. Kugeuza mlango kwenye ramani hakuna gharama. Kuugeuza ukutani ni saruji na siku za kazi.

4. STOO, KUFULI NA MAJINA

Stoo ifungwe, na ufunguo ukae kwa mwalimu au fundi wa maabara, si kwa kiranja. Ndani yake angalieni mambo haya:

(a) Kila chupa iwe na jina. Chupa isiyo na jina ni adui. Kusiwe na hata tone la asidi, spiriti au mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Sheria hii muipeleke na nyumbani.

(b) Asidi zikae rafu ya chini, ndani ya karai la plastiki, ili ikivuja isimwagikie mtu usoni.

(c) Kupanga chupa kwa alfabeti hupendeza macho, lakini huweza kuweka maadui pamoja. Asidi isikae karibu na soda. Spiriti isikae karibu na asidi ya nitriki, wala karibu na pamanganeti, ile punje ya zambarau, kwa maana hivyo viwili huchochea moto.

(d) Sodiamu hukaa ndani ya mafuta, kwa sababu ikiguswa na maji hutoa moto, na huweza kulipuka. Masalio yake yasitupwe kwenye sinki.

(e) Kemikali zilizozeeka zisimwagwe chooni wala mtoni. Maji ya Mathioya na Maragua huingia Tana, na kabla ya kufika huko watu wengi wamechota. Mwalimu mkuu aandikie ofisi ya afya ya umma au ya mazingira ya kaunti aelekezwe.

Neno kwa shule za msingi. Tangu 2023, wanafunzi wa Gredi ya 7 walipoanza kusomea sayansi kwenye viwanja vya shule za msingi, darasa la kawaida mara nyingi ndilo hugeuzwa kuwa maabara. Watoto wa Gredi ya 1 wako hapo hapo. Mahali hakuna stoo, kikundi cha useremala kitengeneze sanduku zito lenye kufuli, na kemikali zinunuliwe kidogo kidogo, za muhula mmoja tu.

5. GESI NA MOTO

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, hutambaa sakafuni kama maji na kujaa pembeni. Kwa hivyo mtungi ukae nje, ndani ya kibanda chenye matundu chini na kufuli, na kuwe na mfunguo mmoja mkuu ambao mwalimu anaweza kuufunga haraka. Mipira ikaguliwe kila muhula, maana huzeeka, na panya huitafuna. Ukitaka kujua kama inavuja, paka povu la sabuni uone mapovu yakifura. Usiwashe kiberiti kamwe.

Mkisikia harufu ya gesi, msiwashe wala msizime taa. Funga mtungi, fungua milango, toeni watoto.

Taa ya spiriti haijazwi ikiwa inawaka. Mwanga wa spiriti mchana hauonekani vizuri, na mtu huweza kudhani imezimika.

Kuwe na ndoo mbili za mchanga mkavu, blanketi nzito ya sufu, na kizima-moto ambacho tarehe yake haijapita. Maji hayamwagwi kwenye moto wa mafuta au wa stima.

6. MAZOEA YA MWANAFUNZI

Haya wazazi wanaweza kuyauliza nyumbani jioni, mtoto akishika kikombe cha chai:

- Je, unaingia maabara mwalimu akiwa hayuko? (Jibu linalotakiwa ni hapana.)
- Je, unavaa viatu vilivyofunikwa? Patipati haimzuii asidi.
- Nywele ndefu zimefungwa? Sweta ya nailoni imevuliwa au kufunikwa na koti la pamba? Mwezi wa saba ni baridi huku kwetu na kila mtoto ana sweta, lakini nailoni ikishika moto huyeyuka na kugandia ngozi.
- Unachanganya asidi na maji vipi? Asidi ndiyo hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya asidi kali, huchemka ghafla na kuruka, kama tone la maji kwenye mafuta ya mandazi.
- Unavuta asidi kwa pipeti ukitumia mdomo? Hapana. Kuna kifyonzi cha mpira.
- Unaonja, unakula, au unanusa moja kwa moja? Hapana. Harufu hupungiwa kwa mkono kuelekea puani.
- Umevunja kipimajoto chenye zebaki? Usishike, usifagie. Mwite mwalimu.
- Unanawa mikono kabla ya kwenda kula githeri?

Jambo lingine: mtoto asichapwe wala kutozwa pesa papo hapo kwa kusema amevunja kitu. Akiogopa atafunika. Na glasi iliyofunikwa, au asidi iliyofutwa kwa leso na kutiwa mfukoni, ndiyo huleta madhara.

7. AJALI IKITOKEA

Machoni: maji yanayotiririka dakika 20, kope zikishikwa wazi. Halafu hospitali, hata kama mtoto anasema amepata nafuu.

Ngozini: vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala unga. Usijaribu kutibu asidi kwa kupaka soda.

Moto kwenye nguo: asikimbie. Alale chini, ajiviringishe, afunikwe kwa blanketi. Kisha mwagia palipoungua maji baridi ya kawaida dakika 20.

Amekunywa: usimtapishe, kwa sababu kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili daktari ajue.

Namba za dharura ni 999 na 112. Lakini barabara zetu wakati wa mvua mnazijua. Shule ikubaliane mapema na mwenye gari wa karibu, na jina lake liandikwe ukutani. Boda boda haifai kumbeba mtoto asiyeona au aliyezimia.

8. KAZI YA KIKUNDI MWEZI HUU

Chagueni watu watatu. Waende kwa mwalimu mkuu kwa heshima, si kama askari, wamwombe kutembea maabarani pamoja na mwalimu wa sayansi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mzazi nafasi kupitia Bodi ya Usimamizi na chama cha wazazi, kwa hivyo hamwendi kama wageni. Andikeni mambo saba: maji, milango, madirisha, stoo, gesi, vifaa vya moto, sanduku la huduma ya kwanza. Kando ya kila moja andikeni "iko" au "haiko".

Kisha gawaneni. Kikundi cha cherehani kinaweza kushona makoti ya kitambaa cha pamba. Kikundi cha maji kinaweza kuvuta bomba. Mafundi wanaweza kugeuza mlango wakati wa likizo. Miwani ya kukinga macho itanunuliwa kwa mchango, na iwe ya kutosha wanafunzi wa zamu moja. Msinunue vyombo vipya vya kuonyesha wageni kabla ya hayo kumalizika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Maabara ya shule iliyo karibu nasi ina milango mingapi? Inafunguka upande gani? Nani ameiona kwa macho yake?

2. Maji yakikatika wiki nzima, shule yetu hufanya nini siku ya majaribio?

3. Nyumbani kwetu, kuna chupa ya soda iliyotiwa kitu kisichonyweka? Nani ataitoa leo?

4. Kati ya yale mambo saba, ni lipi kikundi chetu kinaweza kumaliza kabla ya muhula ujao kufunguliwa? Andikeni jina la mtu na tarehe.