SOMO LA KIKUNDI: Kansa, Barabara Iliyofungwa na Simu Iliyo Mfukoni



Somo letu la mara hii ni juu ya ugonjwa wa kansa, yaani saratani, na jinsi simu inavyoweza kumsaidia mgonjwa wakati hawezi kufika hospitali kubwa. Kabla ya kuanza, mmoja wenu asome kwa sauti Marko 2:1-12, habari za mtu aliyepooza na wale wenzake wanne waliombeba. Halafu katibu asome somo hili polepole, akisimama kila sehemu ili watu waulize.

1. Tukumbuke mwaka 2020

Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 Machi kafyu ya usiku ikaanza. Tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vikafungwa: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Upande wetu mpaka ulikuwa daraja la mto Chania, Thika. Upande wa pili ulikuwa Athi River. Sisi wa Kithyoko tunajua maana yake, kwa kuwa barabara yetu ya Garissa inaingia Nairobi kupitia Thika. Amri hiyo ilidumu mpaka tarehe 7 Julai, miezi mitatu kamili.

Mgonjwa wa kansa alibanwa pande mbili. Dawa za kemo hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Mtu wa namna hiyo akiketi kwenye foleni ndefu ya hospitali wakati wa korona, yuko hatarini. Lakini akibaki nyumbani, kansa haimngojei. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la madaktari wa Uingereza ulionyesha kwamba kwa kansa kadhaa, kuchelewesha matibabu kwa wiki 4 huongeza hatari ya kufa kwa asilimia 6 hadi 13. Basi swali ni hili: ni safari gani inaweza kungoja, na ni ipi haiwezi?

Msiseme korona imepita. Mwaka 2024 mgomo wa madaktari ulidumu siku 56, na katika majuma hayo hayo mafuriko yalikata barabara nyingi nchini. Njia itafungwa tena, kwa sababu moja au nyingine. Afadhali tujipange sasa.

2. Tiba kwa simu ni nini?

Wataalamu huiita telemedisini. Maana yake ni mgonjwa na daktari kuzungumza wakiwa mbalimbali, kwa simu au kwa picha ya video. Si jambo geni kwetu. AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, lilikuwa likizungumza na hospitali za misheni za mbali kwa redio. Mwaka 2015 hospitali ya Machakos Level 5 iliunganishwa kwa video na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ili mgonjwa aliyeketi Machakos aonwe na daktari bingwa aliye Nairobi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inatambua huduma ya namna hii. Korona ilipokuja, madaktari wengi duniani waliona faida yake.

Wala si lazima uwe na simu kubwa. Kabambe inatosha kwa mazungumzo mengi.

3. Mambo ambayo simu inaweza

- Kuuliza kama siku ya kliniki ipo au imeahirishwa, kabla ya kulipa nauli.
- Kuuliza kama majibu ya vipimo yamefika na kama daktari anaweza kuyaeleza kwa simu.
- Kumweleza daktari jinsi dawa zinavyokusumbua: kutapika, vidonda vya mdomo, kuharisha.
- Kurekebisha dawa za maumivu. Maumivu si adhabu, wala si lazima kuyavumilia. Lakini mofini hutolewa kwa karatasi ya daktari, kwa hiyo mtu atatumwa kuichukua.
- Kumwezesha daktari au nesi wa karibu kumwuliza bingwa. Hivyo mgonjwa anaweza kutibiwa Matuu au Machakos badala ya kwenda Nairobi kila mara.
- Kumtia moyo mgonjwa aliyezidiwa na mawazo.

4. Mambo ambayo simu haiwezi

Hapa ndipo tunataka msikilize sana.

Simu haiwezi kupima kansa. Uvimbe kwenye titi, damu kwa mama aliyekoma hedhi au baada ya tendo la ndoa, chakula kukwama kooni, kidonda kisichopona, mzee kushindwa kukojoa vizuri: haya yanataka mkono wa daktari, na mara nyingi kipande kidogo cha nyama kikatwe na kupelekwa maabara. Asikudanganye mtu kwamba ameiona kansa, au ameiponya, kupitia simu.

Simu haiwezi kutoa mionzi, upasuaji wala dripu ya kemo. Safari hizo usiziache bila kuambiwa na daktari wako. Kama njia imefungwa, mpigie umwulize: tungoje, au tuandikiwe barua ya kupita?

Na kuna dalili za kwenda hospitali SIKU HIYO HIYO, hata kama ni usiku:

- Homa ya digrii 38 au zaidi kwa mtu aliye kwenye kemo. Usimeze dawa ya homa ukalala. Askari wa mwili ni wachache na mtu anaweza kufa kabla ya kuche.
- Kutoka damu kusikokoma.
- Kupumua kwa shida.
- Maumivu ya mgongo pamoja na miguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu.
- Kutapika hata maji.

Hapo simu ina kazi moja tu: kuita gari na kuwaambia hospitali kwamba mnakuja.

5. Kazi ya kikundi

Wazee wetu walichimba matuta kwa mwethya, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuzuia mmomonyoko wa mlima mzima. Kansa nayo ni mlima. Kikundi kinaweza kufanya hivi:

a) Mchague watu wawili wa kumsaidia mgonjwa kupiga simu, mwanamke na mwanamume. Mgonjwa mwenyewe achague anayemtaka.

b) Mnunue kipima joto kimoja na daftari moja kwa kila mgonjwa. Mweka hazina atenge kidogo kutoka michango ya kila mwezi kwa ajili ya simu, na akiba ya gari la dharura.

c) Kabla ya kupiga, andikeni: namba ya faili, aina ya kansa, tarehe ya kemo ya mwisho, dawa zote anazotumia (hata za mitishamba), joto la mwili, na maswali matatu makubwa.

d) Pigeni mahali penye netiwaki nzuri na pasipo makelele. Daktari akimaliza, mrudieni maneno yake: "Umesema vidonge viwili asubuhi, sivyo?" Kisha yaandikeni.

e) Mshirikiane na wahudumu wa afya wa jamii. Mwaka 2023 serikali iliwapa simu na mikoba ya vifaa.

f) Ulizeni mapema namba ya kliniki ya kansa na ya kitengo cha kutuliza maumivu. Msingoje njia ifungwe.

6. Tahadhari

Siri ya mgonjwa ni yake. Picha ya kidonda au ya titi isitumwe kwenye WhatsApp ya kikundi, hata kwa nia ya kuomba maombi. Iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, ni heshima.

Msimpe mtu yeyote PIN ya M-Pesa. Daktari wa kweli haiulizi. Mkimtilia shaka anayejiita daktari, jina lake litafutwe katika orodha ya baraza la madaktari la Kenya.

Tena tusiwafanye wagonjwa waone aibu. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni nani angepata shida kama barabara ya Thika ingefungwa kesho?
2. Tajeni dalili tano za kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kila mtu azikariri.
3. Wale wanne wa Marko 2 walipokuta mlango umejaa watu walifanya nini? Mlango wetu sisi ni upi, na dari ya kufungua ni ipi?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, katibu alete namba za simu zilizotajwa, na mweka hazina alete bei ya kipima joto.