Kirusi Kilichoishinda Dawa

Mara nyingi husemwa kwamba mgonjwa fulani mwili wake umezoea dawa. Nataka kuonyesha kuwa mwili haukuzoea kitu. Kilichobadilika ni kirusi.

Tuanze na tumbo. Mwaka 1985 madaktari waliandika habari za maradhi mapya huko Rakai, ambayo watu waliyaita silimu, kwa kuwa mgonjwa aliharisha siku nyingi akakonda mno. Ndiyo Ukimwi. Askari wengi wa mwili hukaa katika kuta za matumbo, na virusi vya Ukimwi huwaua hao mapema sana. Hapo adui mwingine hupata nafasi, yaani kirusi kiitwacho saitomegalo. Wengi wetu tulikipata utotoni, nacho hukaa kimya. Askari wakipungua sana, chaweza kuamka na kufanya vidonda katika utumbo mpana, mgonjwa akaharisha damu.

Dawa yake ni gansikloviri, nayo ina jambo la ajabu. Huingia mwilini ikiwa imelala, na anayeanza kuiamsha ni kirusi chenyewe, kwa kimeng'enya chake kiitwacho UL97. Naam, adui hunoa kisu cha kumchinja mwenyewe! Lakini kirusi kinapojinakili hukosea, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni kwa haraka. Kosa fulani likiangukia UL97, dawa hubaki usingizini. Hapo daktari aweza kutumia foskaneti, isiyohitaji kuamshwa, ila hiyo huweza kudhuru mafigo.

Dawa ikitumiwa sawasawa, nakala huwa chache, na makosa huwa machache. Ikirukwa rukwa, ile kidogo iliyobaki huzuia virusi vya kawaida tu, na vile vilivyokosea hupata uwanja wa kuzaana. Virusi vya Ukimwi hukosea zaidi kuliko saitomegalo. Ndiyo sababu hutibiwa kwa dawa kadhaa pamoja, kila siku, wala hapana njia bora ya kuulinda utumbo.

Lakini dawa ikiwa mbali je? Kuanzia 2005 TASO ya Jinja ilishiriki katika utafiti: wagonjwa 859 walipelekewa dawa nyumbani kila mwezi, na 594 walizifuata kliniki. Matokeo yalitolewa 2009. Wale ambao virusi vyao havikutulia walikuwa karibu sawa pande zote mbili, 16 na 17 katika kila 100. Waliopelekewa nyumbani, hata hivyo, walitumia fedha chache zaidi. Nasi wa Busiu twaijua nauli ya kwenda Mbale.