Fungeni Makumi Kabla ya Kuandika

Gredi ya kwanza ikihesabu kwa pamoja kuanzia moja hadi mia, mgeni anayepita dirishani huridhika. Hakuna anayekwama, sauti zimepanda, mwalimu anaonekana amefanya kazi yake. Mimi kwaya hiyo siiamini. Mtoto aliyefika mia akiimba na wenzake ameonyesha kwamba anakumbuka mfuatano wa maneno, basi. Kama anajua arobaini na tatu ni wingi wa namna gani, hilo bado hatujaliona. Baada ya kufundisha madarasa ya chini huku Awasi, Kenya, nimeshikilia msimamo mmoja ambao wenzangu wengine huuona wa kikaidi: kabla mtoto hajaandika namba za tarakimu mbili, na hasa kabla hajafundishwa kukopa katika kutoa, afunge makumi ya vijiti kwa mikono yake mwenyewe, ayafungue, ayafunge tena, hadi mkono wake uchoke. Nitaeleza ninavyofanya na kwa nini.

Tuanze na kwa nini. Constance Kamii, mtafiti aliyefanya kazi na Jean Piaget, alikuwa na jaribio rahisi ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya kesho asubuhi. Mtoto huhesabu vitu kumi na sita, kisha huandika 16. Huulizwa ile 6 ni vitu vipi, naye hutenga sita. Huulizwa ile 1 ni vipi, na watoto wengi hutenga kimoja. Vitu tisa vinabaki mezani bila mwenyewe, na mtoto haoni ajabu yoyote. Kwake 16 ni alama mbili zilizokaa jirani. Mtoto kama huyo ukimpa 52 kutoa 27 atakuandikia 35, kwa kuwa saba haitoki kwa mbili lakini mbili inatoka kwa saba, na yeye ameagizwa kutoa. Ukisema ishirini na tano anaweza kuandika 205, maana amesikia ishirini, kisha amesikia tano. Haya si makosa ya uzembe. Yana mantiki yake, na ndiyo sababu kurudia zoezi lilelile mara kumi ubaoni hakuyaondoi.

Tatizo hili lina ukubwa unaojulikana. Kuanzia 2009 tathmini za Uwezo za kusoma na kuhesabu zilikwenda nyumba kwa nyumba, na matokeo yake Kenya yalijirudia kwa miaka: watoto watatu hivi kati ya kumi wa darasa la tatu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Mtaala wa umilisi ulipoanza katika madarasa ya chini mwaka wa 2019 ulisema wazi kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda, na nakubaliana nao. Ila kutenda kumegeuka, katika vyumba vingi, kuwa vizibo vya soda vilivyopangwa kwenye kona ya hisabati vikingoja mkaguzi.

Sasa ninavyofanya. Kila kikundi cha wanafunzi wanne kina mkebe wake wenye vijiti mia vya urefu mmoja, vilivyokatwa kutoka ufagio wa njiti au mabua yoyote makavu, na vipande vya mpira vilivyokatwa kama pete kutoka tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Fundi wa baiskeli huzitupa, hazimgharimu mtu kitu. Sakafuni nachora kwa chaki mraba wenye sehemu mbili, makumi kushoto na mamoja kulia. Sheria ni moja tu: upande wa mamoja vijiti visizidi tisa. Kikifika cha kumi lazima wafunge, na fungu livuke mstari kwenda kushoto. Wiki za mwanzo hakuna daftari wala penseli. Nasema namba, wanaijenga. Wanajenga wao, mimi naisoma. Naongeza kijiti kimoja kimoja kutoka thelathini na sita, na wanapofika thelathini na tisa nanyamaza nione nani atanyoosha mkono kutafuta mpira kabla sijasema.

Baada ya hapo kujumlisha hakuhitaji maelezo marefu. Katika 28 na 35 yapo mafungu matano na vijiti kumi na vitatu. Sheria inajulikana, wanafunga, yanakuwa sita na vitatu. Kutoa ndiko penye kazi, na hapo natulia. Turudi kwenye 52 kutoa 27. Sakafuni pana mafungu matano na vijiti viwili, nataka vijiti saba. Simwambii mtoto akope. Neno hilo humfanya adhani kuna deni litakalolipwa baadaye. Ninamwachia tatizo. Vijiti viwili havitoshi, na macho yake yenyewe hugeukia mafungu. Akilifungua moja, anapata kumi na viwili, anatoa saba, vinabaki vitano, na mafungu yaliyobaki manne yanatoa mawili. Jibu la 35 haliwezekani tena, kwa sababu vile viwili vilivyokuwa sakafuni havijawahi kutolewa katika saba.

Sehemu inayorukwa zaidi ni ya katikati. Walimu wengi hutumia vijiti Jumatatu na kuandika ubaoni Jumanne, na watoto huchukulia kwamba ni masomo mawili tofauti. Kwa wiki mbili au tatu vijiti na maandishi viende pamoja: mmoja afungue fungu, na papo hapo mwandishi wa kikundi akate 5 aandike 4. Kila alama daftarini iwe na tendo lililoizaa. Kisha michoro ichukue nafasi ya vijiti, mstari mrefu kwa kumi na nukta kwa moja, na mwishowe tarakimu zibaki peke yake. Mpangilio huu wa mkono, picha, kisha alama ulielezwa na Jerome Bruner miaka ya 1960, na Singapore iliufanya msingi wa hisabati ya shule za msingi kuanzia miaka ya 1980. Sisi tunao vitabuni. Huvunjikia kwenye haraka.

Haraka hiyo ndiyo hoja ya kwanza ninayorushiwa: silabasi haitakwisha. Vipindi ni vitano kwa wiki, dakika thelathini kila kimoja, na wiki zote hizo zimeenda kwa jambo moja. Jibu langu ni kwamba jambo hilo ndilo silabasi. Kujumlisha kwa kupanga, kutoa, kuzidisha, vipimo, pesa, hata desimali za gredi za juu, zote husimama juu ya wazo kwamba kumi za huku ni moja ya kule. Asiyelipata hufundishwa upya kila mwaka na kila mwalimu, na miaka hiyo hakuna anayeihesabu kama muda uliopotea. Tena huku uwanda wa Kano, mto Nyando ukifurika msimu wa mvua ndefu, wapo watoto wanaokosa siku nyingi mfululizo. Aliyekosa akirudi na kukuta kazi iko kwenye vijiti, anaweza kuingia kwa kutazama wenzake. Aliyekosa kurasa sita za ubao hana pa kuingilia.

Hoja ya pili ni wingi wa wanafunzi. Tangu elimu ya bure ya 2003 madarasa ya chini yamejaa, na vijiti mikononi mwa umati ni fujo. Ni kweli, vikigawanywa kimoja kimoja. Mkebe wa kikundi huondoa sehemu kubwa ya fujo hiyo, na kazi nne huondoa iliyobaki: mmoja makumi, mmoja mamoja, mmoja mwandishi, mmoja mkaguzi, wakizunguka kila siku. Mwisho wa kipindi mkebe haurudi hadi mafungu kumi yatimie, kwa hiyo hata kukusanya ni zoezi. (Vijiti hupotea. Huwa silaha pia. Kata vya ziada.)

Hoja ya tatu naiheshimu kuliko zote: watoto wa sokoni tayari wanajua hesabu. Awasi iko kando ya barabara ya Kisumu na Kericho, na mtoto anayesaidia kuuza mchele wa Ahero au omena kwa gorogoro anarudisha chenji bila kusita. Kwa nini nimrudishe kwenye vijiti? Mtafiti Terezinha Nunes na wenzake waliuliza swali kama hili Recife, Brazil, na kuchapisha majibu mwaka wa 1985. Watoto wauzaji walipata asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa wakiwa kazini kama wateja wangeuliza. Hesabu za aina ileile zilipoandikwa bila habari ya biashara, walipata asilimia 37. Mtoto mmoja alitaja bei sahihi ya nazi nne za 35 kila moja, 140, halafu kwenye karatasi akaandika kwamba 35 mara 4 ni 200. Utafiti wa India uliotoka katika jarida la Nature mwaka wa 2025 ulikuta hali hiyohiyo, na upande wa pili pia: watoto wa shule walishindwa hesabu za soko. Soko na daftari havijuani mpaka mtu avikutanishe. Pesa pekee haitoshi kuvikutanisha, kwa sababu sarafu ya shilingi kumi haina shilingi kumi ndani yake. Huwezi kuifungua ukaziona. Mimi huleta sarafu baada ya mafungu. Hapo mtoto anajua sarafu hiyo imesimama badala ya nini.

Lipo pia suala la lugha. Tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976 sera imekuwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, ingawa shule nyingi hukimbilia Kiingereza mapema. Katika kufunga makumi, Kijaluo ni msaada mkubwa: ishirini na nne ni piero ariyo gang'wen, makumi mawili na nne, na mtoto anatamka kile anachokishika. Lakini tuko karibu na mpaka wa Kericho na si kila mtoto darasani ni Mjaluo. Kwa darasa la mchanganyiko wiki za kwanza nasema makumi mawili na vinne, kwa Kiswahili hichohicho kisicho cha kawaida, na ishirini naileta baadaye kama jina la mkato.

Wazazi nao hutaka daftari lenye alama nyekundu za vema. Mkutano wa wazazi unafaa kuwa na meza yenye mkebe. Mzazi akiombwa aonyeshe kwa vijiti kwa nini ile mbili ya 52 kutoa 27 inakuwa kumi na mbili, na yeye alifundishwa kukopa tu, mjadala wa daftari huisha mapema.

Kuna wanaohofu kwamba mtoto ataganda kwenye vijiti asiweze kuviacha. Hilo hutokea pale vinapobaki bila kazi mpya. Dawa ni kuvifunika: kikundi kijenge 63, kitambaa kiwekwe juu, nitoe fungu moja na vijiti viwili mbele yao, waseme kilichobaki kabla ya kufunua. Anayebashiri sawasawa siku kadhaa mfululizo havihitaji tena, na kwa kawaida ndiye wa kwanza kulalamika kwamba vinamchelewesha. Anayehitaji hadi muhula wa tatu avitumie, hata kwenye tathmini.

Gredi ya tatu mikebe hiyohiyo inaendelea. Mafungu kumi hufungwa kwa kamba moja yakawa mia, na elfu huhitaji mikebe kumi kwa wakati mmoja. Kwenye mikondo miwili au mitatu, walimu wakipanga vipindi vyao visigongane, mikebe ya kutosha hupatikana kwa kuazimana.